Tulipowinda Mapepo Same

Binti yangu anasoma kitabu kinene chenye jalada jeusi. Kinawahusu vijana wa mjini ambao mchana wanafanya kazi zao kama watu wengine, kumbe kwa siri wanawinda mapepo waliovaa sura za binadamu. Juzi alikisahau mezani. Nikakifungua, nikasoma kurasa tatu nikiwa nimesimama, kisha nikavuta kiti. Binti yangu alipotoka kuoga akanikuta bado nimekishika, akacheka. "Mama, na wewe umenasa?" Nikamwambia nimekipenda. Sikumwambia kwamba hadithi ya namna hiyo niliijua tangu utotoni. Ile yangu haikuchapwa popote. Iliandikwa kwa penseli na dada yangu Nakijwa, kwenye kurasa zilizobaki za daftari lake la darasa la saba.

Sisi wa rika langu tunaukumbuka wakati ule bila kuhitaji kalenda. Tulitoka kwenye maduka matupu na foleni za sukari, tukajikuta ghafla mbele ya maduka yaliyojaa vitu tusivyoweza kuvinunua. Baba alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge, upande wa korona, ile mitambo ya kukamua majani mpaka zibaki nyuzi. Mimi nilizaliwa kambini, katikati ya harufu ya maganda ya mkonge yaliyooza, na nilidhani dunia nzima inanuka hivyo. Asubuhi moja mitambo ilizimwa, na haikuwashwa tena. Wafanyakazi wakaambiwa wamepunguzwa. Mimi nilisikia "wamepunguzwa" nikamtazama baba kwa makini siku nzima, nione sehemu gani ya mwili wake imepungua.

Tukahamia Same mjini, chumba kimoja cha kupanga karibu na reli. Baba akaenda machimboni kutafuta vito. Barua zake zilikuja mbili, halafu zikakoma. Mama akawa anauza tangawizi stendi, ile inayoshuka na malori kutoka Myamba, kwao mlimani. Alirudi jioni vidole vimepasuka, vinanukia tangawizi, akimkuta mdogo wetu wa mwisho, Elibariki, ameshalala mgongoni mwa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa na miaka kumi na tano. Walimu wote walisema atakwenda sekondari. Majina yalipobandikwa, lake halikuwemo. Hakulia mbele yetu. Alikunja sare yake, akaiweka chini ya godoro, na kuanzia wiki ile akaanza kuandika.

Katika hadithi yake, mji wetu mdogo wenye vumbi ulikuwa na vita ambayo watu hawakuijua. Mapepo walishuka kwenye treni, daraja la tatu, bila mzigo wowote mkononi. Walipanga vyumba, walifungua genge, walisalimia watu vizuri. Lakini walikuwa wanakula watoto. Hawakuwatafuna, waliwanyonya pumzi kidogo kidogo mpaka mtoto anageuka homa. Waliowazuia walikuwa wawindaji wachache waliojificha: fundi baiskeli wa pale stendi, ambaye spoki zake zilinolewa kwa kazi hiyo, muuza kahawa, na msichana mchota maji ambaye hakuna aliyejua jina lake. Huyo msichana ndiye aliyekuwa shujaa. Leo naelewa alikuwa nani.

Alitusomea mchana, chakula kikiwa jikoni, mimi na rafiki yangu Hadija wa chumba cha jirani tukiwa tumechuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Alijua kusimama palepale pabaya, akafunga daftari na kusema mboga inaungua. Siku moja nilimuuliza, "Dada, ni kweli?"

Alinitazama. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu kwa macho kama yangu.

"Kweli tupu," alisema. "Ila usimwambie mtu."

Mimi na Hadija tukawa wawindaji. Tulikwenda stesheni kuhesabu abiria wasio na mizigo. Tulibeba chumvi ya mawe kwenye pindo za magauni, kwa sababu daftari lilisema pepo akirushiwa chumvi anapiga chafya mara saba. Tulimrushia mwalimu wa dini, akapiga chafya moja tu, tukamfuta kwenye orodha. Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Bi Anjelina.

Bi Anjelina aliuza mkaa kwa vikopo, kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa Mmakonde kutoka kusini kabisa, aliyekuja angali msichana, akimfuata mume aliyeajiriwa kukata mkonge. Mume alikufa, watoto wake wawili wakafa, kambi ikafungwa, naye hakuwa na pa kurudi. Alikuwa jirani yetu tangu kambini. Mama alipoishiwa, yeye ndiye aliyempa mkaa bila kuuliza atalipwa lini. Mashavuni na kwenye paji la uso alikuwa na chale za kwao, mistari iliyopangwa vizuri kama mifupa ya samaki, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, pambo la mdomoni alilokuwa akilivaa zamani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na vumbi la mkaa. Nilikuwa nimeuona uso ule maisha yangu yote bila kuuogopa. Baada ya daftari nikaanza kuusoma.

Kila kitu kikawa ishara. Alimwaga majivu mlangoni: anaficha nyayo zake. (Alikuwa anazuia siafu.) Aliongea peke yake akipepeta mkaa. Alimbeba Elibariki kila mama alipompa, akamnusa kichwani, akafumba macho. Hadija alinifinya. "Umeona? Anavuta."

Kisha tukaona lile jambo kubwa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama, watu wamejifungia ndani. Tulichungulia kwenye uwazi wa ua wa mabua. Bi Anjelina alikuwa amepiga magoti nyuma ya kibanda, anachimba kwa jembe fupi. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha gunia kilichofunga kitu kirefu, chembamba, chenye kupinda kidogo katikati. Alikiweka shimoni taratibu, akakifukia, akamwagia maji, akaburuta jiwe juu yake. Alipoinuka alitazama upande wetu. Tulikimbia mpaka relini.

"Mkono," Hadija alisema, anahema. "Mkono wa mtoto."

"Mkono," nikakubali. Na tangu nilipokubali, nikawa nimeuona.

Wiki iliyofuata Elibariki akaanza homa. Siku ya pili macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Degedege. Wanawake wa nyumba ile walisema asipelekwe kuchomwa sindano, atakufa, kwanza afukizwe. Mama hakuwasikiliza, akamfunga mgongoni, akaenda naye zahanati. Dawa hazikuwapo. Akaandikiwa kikaratasi akanunue kwenye duka la dawa, lile jipya la mtu binafsi, na kwenye duka lile wakamwambia hawatoi kwa mkopo. Alirudi nyumbani kutafuta kitu cha kuuza. Akavua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya gauni, akampa Nakijwa akikimbize stendi. Elibariki alifariki kwenye mikono yangu, dada akiwa bado hajarudi. Niliona pumzi yake ikikatika, ikarudi, ikakatika. Mimi nilijua nilichokuwa nakiona. Nilikuwa nimesomewa kwenye daftari.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani. Bi Anjelina alikuwa jikoni tangu asubuhi ya kwanza, anasonga ugali wa wafiwa. Mama alikuwa hasemi, hali, hata maji alikuwa anawekewa mdomoni. Nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Mama, mimi namjua aliyemla Eli."

Mama aliinua macho. Siku tatu hakuwa amemtazama mtu.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Ni Bi Anjelina. Nilimwona anafukia mkono wa mtoto. Na Hadija alimwona. Hata Eli, alikuwa anamvuta pumzi kichwani."

Niliongea kwa sauti kubwa kwa sababu nilijiona shujaa. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Nakijwa alitoka mbio akanivuta mkono. "Mama, huyu anaota, ni mambo ya hadithi!" Lakini mama hakuwa anamtazama Nakijwa. Alikuwa amepata kitu cha kushika. Usoni mwake palirudi rangi, na mimi nilifurahi kuiona.

Watu wakaanza kukumbuka. Mmoja alikumbuka mimba yake iliyotoka baada ya kununua mkaa pale. Mwingine alisema watu wa kambini walikufa sana, mbona yeye amebaki? Balozi wa nyumba kumi alisema serikali haitambui mambo ya uchawi, halafu akawa wa kwanza kuchangisha pesa za kuwaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka kufichua wachawi. Kiongozi wao alikuwa kijana, na hilo lilinishangaza. Alivaa koti la mtumba la rangi ya maziwa lililomzidi mabega na kofia ya sufu, na alikuwa na tabasamu zuri. Nikamnong'oneza Hadija: hawa ndio wawindaji wenyewe.

Walikuja asubuhi na ngoma. Watu wa mtaa mzima walipangwa kwenye uwanja wa nyuma, wakanyweshwa dawa kwenye kata moja. Wazee walinyolewa kila mmoja, lakini ilijulikana wanamwendea nani. Yule kijana akaniita, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Wewe una macho makali. Usiogope. Tuonyeshe."

Mama alinisukuma mgongoni kidogo. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile jiwe, nikanyoosha kidole.

Bi Anjelina alikuwa ameketishwa chini, kichwa kimeshanyolewa kwa wembe butu, damu inatiririka nyuma ya sikio. Aliponiona nimesimama pale akasema, si kwa ukali, "Jamani, ni muhogo. Nauhifadhi usikauke. Wanaiba ndani." Kuna mtu alimpiga kofi la mdomo.

Wakachimba. Gunia lilitoka limelowa, linanuka. Kijana alilifungua upande mmoja tu, akatoa kile kitu, akakiinua juu haraka. Kilikuwa cheusi, kimelainika, kimepinda katikati. "Mkono huo!" alipaza sauti. "Mmeuona?" Uwanja mzima ulilia kwa mshindo mmoja.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko watu wote. Niliona ncha iliyokatwa kwa panga, duara jeupe, na katikati yake ule uzi mgumu ambao mama hututolea muhogo ukishaiva. Niliona ganda limebanduka. Harufu yake niliijua, ni harufu ya muhogo uliooza. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua muhogo. Nilifungua mdomo. Yule kijana akanitazama, akatabasamu, akakirudisha kile kitu kwenye mfuko wake wa ngozi. Nikafunga mdomo.

Aliyesema alikuwa Nakijwa. Alipasua watu katikati akiwa na daftari ameliinua kwa mikono miwili. "Ni hadithi! Nimeitunga mimi! Mapepo, wawindaji, kula watoto, yote nimeyaandika mimi, someni wenyewe!" Alikuwa analia mpaka kamasi zinamfika kidevuni. Kijana alilipokea daftari kwa adabu. Alisoma ukurasa, akafunua mwingine, na nadhani alikuwa anasoma kweli, maana aliinua nyusi. Kisha akawageukia watu.

"Mnaona? Hata mambo yao yamo humu. Huyu binti ameandikishwa na huyo mchawi. Shukuruni tumefika kabla hajamaliza."

Daftari lilitupwa kwenye moto wa kuchemshia dawa. Nakijwa alijaribu kulitoa, akaungua kiganja cha kulia. Nyuma yetu watu walikuwa wameshaanza kubomoa kibanda. Mkaa ulimwagwa. Bi Anjelina alipigwa kwa miti ya ukuta wake mwenyewe, mpaka balozi aliposema inatosha, asifie hapa.

Mama yangu hakupiga. Alisimama mstari wa mbele, mikono imefumbatwa kifuani, mpaka mwisho.

Saa kumi, watu walipokwenda kula, Nakijwa alimwinua Bi Anjelina. Alimvisha gauni la mama, akamkokota hadi stendi. Kulikuwa na lori lililoshusha tangawizi na lilikuwa linarudi tupu mlimani. Dereva alikataa, kisha akamtazama Bi Anjelina usoni, akafungua bodi ya nyuma. Dada alipanda naye. Nilikuwa nimewafuata kwa mbali. Hakunipungia.

Walishuka Myamba kwa bibi yetu, mama yake mama, mjane wa Kilutheri aliyeishi peke yake na migomba yake. Nakijwa alinisimulia baadaye kwamba alimweleza kila kitu pale mlangoni, pamoja na kwamba binti yake mwenyewe, mama yetu, alikuwa miongoni mwa waliowaita lambalamba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maji yapo motoni. Muogeshe kwanza." Akaenda kutandika kitanda chake mwenyewe.

Mimi nilipelekwa huko likizo ya Desemba, kwa kuwa nyumbani chakula kilikuwa hakitoshi. Mama alijua nani yuko kule. Aliniambia tu, "Usile kitu mkononi mwake." Baridi ya Myamba ilinikuta na gauni moja. Bi Anjelina alikuwa amekaa kwenye mlango wa jiko, amejitanda blanketi, nywele zimeota nyeupe tupu. Kifua chake kilikuwa kinakoroma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekua."

Siku nne nilimzunguka. Ya tano, bibi akiwa shambani na dada akiwa kisimani, nikaketi karibu naye, nikaanza kulia kabla sijasema.

"Bibi, mimi niliona. Niliona ni muhogo."

Alikohoa kwanza. "Najua," alisema. "Nilikuwa nakutazama."

"Nilitaka kusema."

"Wewe ulikuwa mtoto. Waliosimama mbele wote waliona, mjukuu wangu. Wote wanalima." Kisha akasema amechoka, nimsogeze juani. Nilimsogeza. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Alifariki mwezi wa pili, kifua hichohicho. Bibi na dada walimzika kwenye migomba, na mchungaji alipouliza jina la ukoo wa marehemu, bibi alimwambia aandike la kwetu.

Nakijwa hakurudi Same. Aliolewa hukohuko, analima tangawizi, na kiganja chake cha kulia hakinyooki vizuri. Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kuandika tena. Alisema, "Nimwandikie nani?" akaendelea kuosha tangawizi.

Mama alinilea, akanisomesha, na miaka yote ile jina la Bi Anjelina halikutamkwa ndani ya nyumba yetu. Baba alirudi, akakaa, akafa. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikuwa kwangu. Nilidhani amesahau. Alasiri moja nilikuwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

"Yule mama wa mkaa," alisema. "Alikufaje?"

"Kifua, mama. Kule Myamba."

"Alizikwa na nani?"

"Na bibi. Na Nakijwa."

Nilimwona anapima swali moja, anaogopa kuliuliza. "Aliwahi kunitaja?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kunyamaza.

"Alikutaja," nikasema. "Kila lori lilipopanda kutoka Same alimwomba Nakijwa akamuulize dereva kama umeanza kula."

Mama alinitazama kana kwamba nimempiga. Akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka kichwani kama mtoto. Nilikaa na bakuli mkononi mpaka uji ukaganda.